Ndugu wa nyangumi yuko Ziwa Burigi: Wazazi wa Ngara na Biharamulo wapangeje safari ya kumwona baharini?

Mtoto wa darasa la nne anayesoma Ngara Mjini au Nyakanazi amekwisha kumwona nyangumi. Amemwona kwenye simu ya mzazi wake, akiruka juu ya maji na kuanguka kwa kishindo. Swali linalofuata wazazi wengi wanalijua: “Mama, tutaenda lini kumwona wa kweli?”

Wapo wanaolijibu kwa kicheko, maana kutoka Ngara hadi pwani ni zaidi ya kilomita 1,200. Wapo wanaosema “tutaangalia”, jibu ambalo kila mtoto anajua maana yake.

Lakini nyangumi hawako Marekani na Australia peke yake. Kila mwaka wanapita mbele ya pwani ya Tanzania. Mzazi anayetaka kumpeleka mwanawe anahitaji kujua wanapita lini, anafikaje huko, atatumia fedha kiasi gani, na mtoto afanye nini wakati akisubiri.

Kwa familia za Ngara na Biharamulo, jibu la swali hilo la mwisho liko karibu na nyumbani. Wataalamu waliolinganisha vinasaba vya wanyama wameonyesha kuwa, kati ya wanyama wa nchi kavu walio hai leo, mwenye undugu wa karibu zaidi na nyangumi ni kiboko. Na viboko wapo Ziwa Burigi.

Anayepita kwetu ni nyangumi gani?

Anayeonekana zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki ni nyangumi wa nundu, anayeitwa hivyo kwa sababu ya kinundu kilicho mgongoni, mbele ya pezi lake dogo. Mkubwa hufikia urefu wa mita 12 hadi 16, yaani urefu wa basi la mkoani au zaidi, na uzito wa tani 30 hivi. Mtoto anapozaliwa tu huwa na urefu unaozidi mita 4.

Nyangumi hawa hupata chakula chao katika bahari ya baridi karibu na Antaktika, wakila viumbe wadogo wa jamii ya kamba. Majira ya baridi yakikaribia huko, husafiri maelfu ya kilomita kuja kwenye maji ya joto ya Msumbiji, Madagaska, Tanzania na Kenya. Huku ndiko wanakopandana, kuzaa na kunyonyesha. Kwa miezi hiyo mama hali karibu chochote. Anaishi na kumnyonyesha mwanawe kwa mafuta aliyoyahifadhi mwilini.

Kwa hiyo msimu wao kwetu ni kati ya Julai na Novemba, na miezi ya kutegemea zaidi ni Agosti na Septemba. Familia inayokwenda pwani Krismasi ikitarajia kumwona nyangumi itarudi na picha za mawimbi.

Kuna kosa jingine ambalo wazazi wengi hulifanya wanaposikia habari za Kisiwa cha Mafia. Kiumbe mkubwa anayeifanya Mafia ijulikane ni papa potwe, anayeonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Februari. Huyo ni samaki, tena mkubwa kuliko samaki wote duniani, na anapumua kwa matamvua. Nyangumi ni mnyama: anavuta hewa kwa mapafu na ananyonyesha. Ukimuuliza mwenye boti “wale wakubwa wapo?”, anaweza kukujibu ndiyo huku kila mmoja akimfikiria kiumbe wake.

Kiboko na nyangumi, ukoo mmoja

Babu wa pamoja wa kiboko na nyangumi aliishi zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Tawi moja la ukoo huo liliingia baharini na halikurudi. Jingine, baada ya muda mrefu sana, liliishia kwenye mito na maziwa ya Afrika.

Mtoto hahitaji maabara kuuona undugu huo. Anahitaji kukaa mahali salama juu ya ziwa, akiwa na saa na daftari.

Kiboko hawezi kuishi chini ya maji bila kupanda juu kuvuta hewa. Anazama kwa dakika chache, mara nyingi zisizozidi tano, kisha pua zinatokeza, zinafunguka, na hewa inatoka kwa sauti. Nyangumi wa nundu hufanya vivyo hivyo, ila yeye huweza kukaa chini dakika 10 au 15, na pumzi yake huruka juu kama moshi mweupe unaoonekana kutoka mbali.

Mtoto wa kiboko hunyonya akiwa chini ya maji, na wa nyangumi pia. Kiboko hutoa sauti inayosafiri majini, na nyangumi dume wa nundu huimba baharini kwa muda mrefu, hasa msimu huu wa kuzaliana. Wote wawili karibu hawana manyoya.

Mtoto aliyewahi kuhesabu dakika kati ya pumzi moja ya kiboko na nyingine atajua afanye nini siku nyangumi atakapozama mbele ya boti. Atakodolea macho maji matupu na kungoja. Ambaye hajawahi atauliza baada ya dakika mbili kama wanarudi nyumbani.

Pori ambalo wazazi waliliogopa

Kuna jambo ambalo mgeni kutoka Dar es Salaam hataliona kwenye vipeperushi, lakini mzazi wa Ngara mwenye miaka 40 na kitu analijua vizuri. Pori hili lilikuwa mahali pa kuogopwa.

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi wakikimbia mauaji nchini Rwanda. Kambi ya Benaco ilifunika vilima vya Ngara kwa mahema. Watu wale walihitaji kuni, nguzo na kitoweo, na mapori ya jirani ndiyo yaliyotoa. Miti ilikatwa na wanyama wakawindwa kwa wingi. Wengi wa wakimbizi wale walirudi kwao Desemba 1996, lakini silaha zilikuwa zimezagaa katika ukanda mzima wa maziwa makuu. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mabasi yalipita kwenye mapori ya Biharamulo yakisindikizwa na askari wenye bunduki kwa hofu ya majambazi. Abiria walikuwa wakisali wakifika porini, na hakuna aliyechungulia dirishani kutafuta twiga.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Eneo lake linagusa wilaya za Biharamulo, Ngara, Chato, Muleba na Karagwe. Rais John Magufuli aliizindua Julai mwaka huo. Ndani yake wapo tembo, nyati, twiga, pundamilia, pofu, nzohe wa kwenye majani ya majini, na viboko na mamba wa ziwani.

Nyangumi wa nundu naye ana historia inayofanana na hiyo. Katika karne ya 20 meli za kuwinda ziliwaua kwa wingi, hadi katikati ya miaka ya 1960 ulipopigwa marufuku uwindaji wake. Kuanzia mwaka 1986 marufuku ya uwindaji wa kibiashara ikawahusu nyangumi wakubwa wote. Leo nyangumi wa nundu wameongezeka tena katika sehemu kubwa ya dunia. Wanaopita Zanzibar na Mafia ni wajukuu wa wale walionusurika.

Mzazi anapompeleka mtoto Burigi anaweza kumsimulia yote mawili. Na asiifiche sehemu ngumu: kwa mfugaji aliyezoea kulisha ng'ombe porini, mpaka wa hifadhi ni malisho yaliyofungwa, na kwa mkulima wa pembezoni, tembo au kiboko akitoka usiku anaweza kumaliza shamba la mahindi. Mtoto wa Biharamulo huenda ana mjomba katika kundi hilo. Akijua kuwa kumtunza mnyama kuna gharama, na kuwa gharama hiyo ina mtu anayeilipa, ataelewa zaidi ya mtalii aliyekuja kupiga picha.

Mwaka wa kwanza: Burigi

Ziwa Burigi liko ndani ya hifadhi, kaskazini mwa mji wa Biharamulo. Miezi mizuri ya kwenda ni ya kiangazi, Juni hadi Septemba, ambapo njia hazina tope na wanyama husogea kwenye maji. Miezi hiyo inaangukia likizo ya katikati ya mwaka.

Hatua ya kwanza ni kuwasiliana na ofisi ya hifadhi, chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Raia wa Afrika Mashariki wana viwango vyao vya kiingilio, vya chini sana kuliko vya wageni, na watoto chini ya miaka 5 hawalipi. Chukua vitambulisho, na kwa watoto vyeti vya kuzaliwa. Malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu, kwa hiyo usitegemee kulipa fedha taslimu getini.

Gharama kubwa kwa familia ni gari, kwa kuwa bodaboda haiingii hifadhini na gari dogo la mjini linaweza kukwama. Njia ambayo wengi huitumia ni kuungana: familia tatu au nne, kikundi cha kanisa au msikiti, au darasa zima na mwalimu wao, wanakodi gari moja lenye nguvu na kugawana mafuta. Waulize wahifadhi mapema kama gari mnalolikodi linafaa kwa njia ya ziwani.

Mambo manne ya kuzingatia kabla ya kutoka:

Kwanza, mavazi. Mapori ya Biharamulo yana mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Wavalishe watoto mikono mirefu ya rangi ya kaki au kijivu. Sare za shule za bluu zibaki nyumbani siku hiyo.

Pili, ondokeni alfajiri. Wanyama huonekana zaidi asubuhi na jioni. Saa sita mchana wengi wao wamelala vivulini, na watoto nao watakuwa wamelala kwenye gari.

Tatu, umbali. Kiboko anaonekana mzembe, lakini ni miongoni mwa wanyama wanaoua watu wengi Afrika. Usiku hutoka majini kwenda kula majani, na anayesimama kati yake na maji yuko hatarini. Mtoto asishuke kwenye gari wala kusogelea ukingo ila pale askari wa hifadhi atakaporuhusu.

Nne, chakula na maji ya kutosha. Ndizi za kuchemsha, mayai na chupa za maji vinatosha, na taka zote zirudi nyumbani.

Familia inayotoka Ngara inaweza kuunganisha safari hiyo na maporomoko ya Rusumo, karibu na mahali Mto Ruvubu unapoungana na Kagera, na ambapo sasa kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 unaozihudumia Tanzania, Rwanda na Burundi. Hapo mtoto anaweza kujifunza jambo litakaloshangaza hata watu wazima. Maji yale hayaendi Bahari ya Hindi. Yanakwenda Ziwa Victoria, yanaingia Mto Nile na kumalizikia bahari ya Mediterania. Kwa hiyo anayetaka kumfuata nyangumi kutoka Ngara hawezi kufuata mto. Lazima apande basi.

Kati ya hapo: zoezi la boti

Watoto wengi wa Ngara hawajawahi kupanda boti. Kugundua kwamba mtoto anatapika majini ukiwa tayari katikati ya bahari ni hasara kwa familia nzima.

Kwa hiyo kabla ya safari kubwa, ni busara kufanya safari fupi ya boti Ziwa Victoria. Upande wa Chato kuna boti zinazovuka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977, ambako wapo sokwe, tembo na nzohe. Hapo familia itajua nani anaumwa kichefuchefu, nani anaogopa mawimbi, na kama kila mtoto anakubali kuvaa jaketi la kujiokolea linalomtosha. Jaketi la mtu mzima huweza kumchomoka mtoto akiwa majini. Ulizia saizi za watoto kabla ya kulipa.

Mwaka wa pili: baharini

Kwa shule nyingi za Tanzania, muhula wa pili umekuwa na mapumziko mafupi kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba. Tarehe ziangaliwe kwenye kalenda ya mwaka husika, lakini kwa safari ya nyangumi huo ndio wakati wenyewe. Na kwa mkulima wa kahawa, msimu wa mavuno Kagera unakuwa umeshaingiza chochote nyumbani.

Njia ya kawaida ni basi: Ngara, Lusahunga, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida hadi Dodoma. Kwa familia yenye watoto, Dodoma ni mahali pazuri pa kulala. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inabeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam, na watoto wanaofika wamelala usingizi wa kutosha hufurahia treni kama sehemu ya safari yenyewe. Familia za Biharamulo zenye ndugu Mwanza zinaweza pia kupita Chato na Geita na kuvuka daraja la Kigongo-Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, kisha kuendelea kutoka Mwanza.

Kutoka Dar es Salaam kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni boti ya kwenda Unguja, mwendo wa saa mbili hivi, kisha gari hadi kusini ya kisiwa, upande wa Kizimkazi, ambako wavuvi na waongoza watalii huwapeleka watu kuwaona pomboo mwaka mzima na nyangumi wakiwa katika msimu. Ya pili ni Mafia, kwa ndege ndogo au kwa chombo cha majini kutoka Nyamisati hadi Kilindoni. Mafia ndiko kulikoanzishwa hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania, mwaka 1995. Wenye ndugu Mombasa au Malindi wanaweza kufikiria Watamu nchini Kenya, wakiwa na hati za kusafiria.

Msimu wa nyangumi ni msimu wa kusi. Upepo unaweza kuwa mkali Julai na Agosti, na kuanzia Septemba bahari huanza kutulia. Kwa hiyo msiweke siku moja tu ya boti. Wekeni siku tatu pwani, ili bahari ikichafuka leo muende kesho. Nahodha akisema leo hapana, msimbembeleze.

Kabla ya kulipa, muulize mwenye boti anasogea hadi umbali gani. Miongozo ya nchi nyingi inataka boti isimkaribie nyangumi chini ya mita 100, na penye mama na mtoto nafasi iwe kubwa zaidi. Mama yule hajala kwa wiki nyingi, na kila anapokimbizwa anatumia mafuta anayomlishia mwanawe. Mwenye boti anayejisifu kuwa atawafikisha “karibu kabisa” hafai. Mtafuteni mwingine, na chukueni darubini.

Hesabu ya nyumbani

Safari ya Burigi na safari ya baharini ziwekewe vibubu viwili tofauti. Zikichanganywa, ndogo husubiri kubwa, na mwisho hakuna inayofanyika.

Familia inayoweka sh 5,000 kila wiki itakuwa na sh 260,000 kwa mwaka, fedha ya kuanzia kwa mchango wa gari, kiingilio na chakula cha Burigi. Inayoweka sh 20,000 kila wiki kwa miaka miwili itakuwa na sh 2,080,000. Andikeni nauli za kwenda na kurudi, malazi ya njiani, boti ya kuvukia, boti ya nyangumi na akiba ya dharura, kisha linganisheni. Kama haitoshi kwa watu watano, afadhali asubiriwe mwaka wa tatu kuliko kukopa. Ada za Januari hazijawahi kumsubiri mtu aliyetoka matembezini.

Watoto washirikishwe kwenye hesabu hizo. Mtoto anayejua kibubu kimefika wapi haulizi “lini” kila jioni, anahesabu mwenyewe.

Asipoonekana je?

Lipo jambo moja la kumwambia mtoto mapema, tena kwa uwazi. Hakuna anayeweza kumuuzia mtu nyangumi. Mnaweza kusafiri siku mbili, mkalipa boti, mkakaa majini saa tatu na msimwone. Nyangumi hana zizi, na hajui kama kuna watu waliotoka Kabanga au Nyakahura kwa ajili yake.

Mtoto aliyeanzia Burigi atakuwa ameshalijua hilo. Atakuwa amewahi kuondoka bila kumwona tembo na bado akaona mengine: nyayo kwenye tope, ndege mgongoni mwa kiboko, povu mahali mnyama alipozama. Daftari alilotumia ziwani liende naye baharini. Upande mmoja aandike dakika za kiboko, na upande wa pili auache wazi kwa ajili ya nyangumi.

Na leo jioni akiuliza tena “tutaenda lini?”, mzazi anaweza kumpa jibu lenye miezi: kiangazi kijacho Burigi, na Septemba ya mwaka unaofuata, Mungu akijalia, baharini.